Utangulizi: Kutoka Ukungu wa Masaba hadi Mchanga wa Turkana

Uganda haina jangwa kamili. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa tabianchi ni mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka, na Karamoja, pamoja na ukame wake wote, hupata zaidi ya hapo. Hata hivyo, anayetaka kulijua jangwa kwa miguu yake ningemshauri aanzie Malukhu, hapa mjini Mbale, ambapo kiatu chake kitalowa matope kabla hakijaona vumbi. Mashariki ya mji umesimama ukuta wa Wanale, na msimu wa mvua maporomoko yake meupe huonekana tangu barabarani. Ukishika njia ya kaskazini, muda si mrefu migomba inakwisha na migunga inaanza. Na mvua iliyoanguka ndani ya kreta ya Masaba, mlima ambao Wanale ni sehemu yake, ikitokea upande wa pili, husafiri hadi Ziwa Turkana, ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyomo jangwani duniani.

Kurasa hizi zinamkaribisha msomaji katika elimu ya mandhari: elimu inayouliza nchi fulani imepataje sura yake, nani wamepita humo, na kwa nini mpaka wa hifadhi umechorwa pale ulipochorwa. Ni elimu inayoazima kwa wajiolojia, kwa wanabotania, kwa wanahistoria na kwa wanasheria, na isiyokubali kukaa ndani ya chumba kimoja. Ninaiandika kwa ajili ya mwanafunzi, kwa ajili ya kijana anayeongoza wageni Sipi na anataka kuwaambia zaidi ya majina ya maporomoko, na kwa ajili ya mgeni mwenye siku chache na miguu mizima. Hoja yangu ni moja: nchi kavu ya Karamoja na Turkana haieleweki bila kuupanda Masaba kwanza, na Masaba wenyewe, ambao ramani huuita Elgon, hauelewi mtu anayeishia barabarani.

Tuanze na maji. Kilele cha Wagagai kina kimo cha mita 4,321. Mbale iko kwenye mita 1,100 na kidogo. Hewa yenye unyevu ikikutana na mlima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa huangusha mvua. Miteremko ya magharibi na kusini, nchi ya Wagisu, hupata sehemu nono ya mvua hiyo. Ndiyo inayolisha migomba na kahawa ya arabika ambayo Chama cha Ushirika cha Bugisu kimeiuza tangu mwaka 1954. Mito ya Manafwa, Namatala na Sironko huyapeleka maji hayo katika vinamasi vya mfumo wa Kyoga, na kutoka hapo huingia Nile. Msomaji wa Jinja, anayeuona Nile ukitoka Ziwa Viktoria, ajue kwamba mto wake ukifika Kyoga hukutana na maji yaliyoshuka Masaba.

Upande wa mashariki mambo ni mengine kabisa. Kreta ya Masaba ina upana wa takribani kilomita 8, na ukingo wake umebomoka upande huo. Hapo ndipo unapotokea Mto Suam. Hupita karibu na chemchemi za maji moto, hushuka korongoni, huwa mpaka wa Uganda na Kenya, hugeukia kaskazini katika nchi ya Wapokot, kisha hubadili jina na kuitwa Turkwel. Mwaka 1991 ulikamilika ukuta wa bwawa la Turkwel, wenye kimo cha mita 153, uliojengwa katika korongo jembamba ambamo mto unatoka milimani. Baada ya hapo ni tambarare. Turkwel hupita Lodwar, mji unaopata mvua ya takribani milimita 200 kwa mwaka mzima, na kuendelea kuelekea ziwani. Sehemu kubwa mno ya maji ya Ziwa Turkana huletwa na Mto Omo wa Ethiopia; mchango wa Turkwel ni mdogo. Lakini tazama picha yoyote iliyopigwa kutoka angani: katika nchi ya rangi ya kutu kuna utepe wa kijani, migunga na mikoma iliyobanana kingoni mwa mto, na ndani ya utepe huo wanaishi watu, mbuzi na ngamia. Utepe huo umeanzia kwenye ukungu wa mlima wetu. Ndiyo maana siwezi kuligawa somo hili katika sura ya mlima na sura ya jangwa kana kwamba ni nchi mbili zisizojuana.

Kuhusu miamba nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wajiolojia wameieleza vizuri. Masaba ni volkano iliyozimika, na milipuko yake ya kwanza inakadiriwa kuwa ya zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, nacho huhesabiwa miongoni mwa vitako vipana zaidi vya volkano zilizozimika popote duniani. Kaskazini yake wamesimama ndugu zake waliochakaa zaidi: Kadam, Napak na Moroto, mabaki ya volkano za kale zilizoliwa na mvua na upepo hadi zikabaki mifupa. Chini yao wote kuna mwamba wa msingi ulio mkongwe kuliko volkano hizo kwa umbali usiopimika kwa mawazo ya kawaida. Mwamba huo hutokeza juu pale Nyero, wilayani Kumi, na juu ya mawe yake watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu duara ndani ya duara. Mwanafunzi wangu yeyote asiyefika Nyero huwa namrudisha. Ni safari ya siku moja kutoka Mbale, na jiwe lile humfundisha kutazama taratibu.

Sasa tupande. Njia kuu za upande wa Uganda ni chache, na kila moja ina tabia yake. Ya Sasa huanzia Budadiri, wilayani Sironko. Ndiyo fupi kuliko zote hadi Wagagai na ndiyo yenye mwinuko mkali. Ya Piswa huanzia Kapkwata upande wa kaskazini, nayo ni ndefu na ya upole. Ya Sipi huanzia Kapkwai, kwenye kituo cha kujifunzia msitu, na hupita pango la Tutum. Wapandaji wengi huchagua kupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, na hilo ndilo ninalopendekeza kwa anayesoma mandhari, kwa sababu mteremko wa magharibi na wa kaskazini hutofautiana kwa unyevu, na mimea husema hivyo kabla ya kipimo chochote.

Nitakaa kidogo kwenye njia ya Sasa, kwa kuwa ndiyo inayofundisha mengi ndani ya muda mfupi. Kwa kawaida huchukua siku nne, kwenda na kurudi. Saa za mwanzo hazina msitu hata kidogo. Unapita mashambani: migomba, kahawa kivulini, maharage, vitunguu, nyumba za watu, watoto wanaokusalimu. Wageni wengi huharakisha hapo wakidhani safari bado haijaanza, na hapo ndipo wanapopoteza nusu ya somo. Unapita katika mashamba ya milimani yenye watu wengi mno, na kila hatua ni udongo wa volkano, mzito, wenye rutuba, unaokunywa maji mengi. Udongo huohuo ndio ulioteremka tarehe 1 Machi 2010 na kufunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa. Mamia ya watu walipotea chini ya tope. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale, na zaidi ya watu 20 wakafa. Rutuba na hatari zimetoka katika jivu moja. Mtu anayesifu kijani cha Bugisu bila kujua habari za Nametsi ameona rangi tu.

Kisha unafika ukingo wa hifadhi, na msitu unakufunika. Karibu na mita 2,500 mianzi inaanza. Hapa ndipo yanapotoka malewa, machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Ni chakula cha heshima, na habari zake ni ndefu kwa sababu kuyavuna ndani ya hifadhi kunahitaji makubaliano kati ya vijiji na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Siku ya kwanza mpandaji huinuka zaidi ya mita 1,000, akipanda na ngazi zilizoegeshwa kwenye miamba ya Mudangi. Usiku hulala kambi ya Mto Sasa. Siku ya pili mianzi inabaki nyuma, vinaingia vichaka vya erika vilivyovaa kuvumwani, na baada ya mita 3,500 unatokea katika uwanda wa juu ambao haufanani na kitu kingine chochote nchini: nyasi za vishungi, lobelia zilizosimama wima, na senesio kubwa zenye kimo kumpita mtu, za aina inayobeba jina la mlima wenyewe katika vitabu vya botania, Dendrosenecio elgonensis.

Nina sababu ya kuwataka wasomaji wa jangwa waone mimea hiyo kwa makini. Senesio haivui majani yake makavu. Huyaacha yashikilie shina, nayo huilinda dhidi ya baridi ya usiku. Majani machanga hujikunja jua likizama. Kule juu maji yapo mengi ila usiku huganda, na mmea unaishi katika kiu ya namna yake: mchana jua kali, usiku barafu, na mizizi isiyoweza kunywa kilichoganda. Atakayeshuka baadaye hadi Karamoja na kuona jinsi mgunga unavyopunguza majani yake na kuchimba mizizi mirefu atatambua tatizo lilelile likijibiwa kwa njia nyingine. Sijaona darasa bora zaidi la ukame kuliko kuviona vyote viwili ndani ya wiki moja.

Kabla ya kuuacha mlima, neno kuhusu mapango. Jivu laini la Masaba lina chumvichumvi, na wanyama wameilamba kwa vizazi. Upande wa Kenya, katika pango la Kitum linaloingia ndani takribani mita 200, tembo huingia gizani na kuchimbua ukuta kwa pembe zao ili wale chumvi hiyo. Joseph Thomson alipoyaona mapango ya mlima huu mwaka 1883 alidhani yamechimbwa na watu wa kale. Ilichukua karibu miaka mia, hadi kazi ya Ian Redmond ya miaka ya 1980, kwa tabia ya tembo hao kuelezwa kwa undani. Wakazi wa mlimani nao waliishi humo pamoja na ng'ombe wao, salama dhidi ya wavamizi. Mwaka 1980 na tena 1987 watu waliotembelea Kitum waliugua homa ya Marburg, na leo tunajua kwamba popo walao matunda hubeba virusi vyake. Kwa hiyo kila pango lenye popo liingiwe kwa ushauri wa kiongozi anayelijua, na mikono isipapase kuta.

Tushuke kaskazini. Barabara ya Mbale kwenda Moroto inapita Muyembe, inauzunguka mguu wa mlima, na polepole nchi inafunguka. Nyumba zinapungua. Udongo mwekundu unakuwa mweusi na mzito, kisha wa changarawe. Kulia Masaba unarudi nyuma, mbele anatokea Kadam mwenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, na kati yao limetandazwa pori la akiba la Pian Upe, lenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 2,000. Ni nchi ya nyasi na migunga, ya duma, mbuni, pofu, kongoni na korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe ambaye ni adimu kwingineko Uganda. Anayetoka kileleni Wagagai na kufika hapa siku ya pili atashangaa kwamba mikoa miwili jirani inaweza kutofautiana hivi. Karamoja hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, usiotabirika, na mito yake mingi ni ya mchanga: hufurika saa chache, kisha hukauka, na maji hubaki chini ambako wachungaji huyachimba kwa mikono.

Mtu asidhani ukavu huo umekuwepo tangu milele. Huko Moroto na Napak yamechimbuliwa mabaki ya nyani wakubwa wa kale, miongoni mwao Morotopithecus, aliyeishi miaka milioni 21 hivi iliyopita. Makala yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 yalionyesha kwamba mazingira ya nyani huyo hayakuwa msitu mnene kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu. Yalikuwa misitu ya wazi yenye nyasi. Hilo limewalazimisha wanasayansi kufikiri upya kuhusu lini nyasi zilianza kutawala Afrika na kwa nini mababu wa nyani wakubwa walianza kusimama wima mitini. Kwa lugha ya mtembeaji: majani anayoyakanyaga mguuni mwa Mlima Moroto yana historia ndefu kuliko binadamu.

Milima ya Karamoja ina kazi ambayo msomaji wa mandhari lazima aijue. Inavuta mawingu na kushika maji juu ya nyika kavu, na kwa hiyo imekuwa kimbilio. Watepeth wanaishi Moroto, Kadam na Napak. Waik wanaishi kwenye Morungole, mlima wa mita 2,749 karibu na Hifadhi ya Bonde la Kidepo. Lugha zao, pamoja na Kinyang'i cha karibu na hapo, zinaunda familia ndogo ya Kikuliak isiyofanana na lugha za wafugaji wa tambarare, na mbili kati yake zimebakiwa na wasemaji wachache sana. Kila mlima umehifadhi watu wake kama ulivyohifadhi mimea yake. Unapopanda Moroto ukiongozwa na kijana wa Kitepeth, unapita katika ngome ya watu walionusurika kwa kujua njia ambazo wengine hawakuzijua.

Habari za Waik zinanihusu kwa namna ya pekee, kwa sababu zinaonyesha madhara ya kuandika vibaya. Kidepo lilikuwa pori la akiba mwaka 1958 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Waik wakazuiwa kuwinda bondeni. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi nao katikati ya miaka ya 1960, wakati wa njaa kali, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kilichowaonyesha kwa dunia kama watu waliokauka huruma. Alifikia hata kupendekeza jamii hiyo itawanywe. Mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine, aliyekuwa amewatembelea na kuijua lugha yao, alionyesha makosa mengi ya kazi hiyo, kuanzia lugha hadi maelezo ya utamaduni. Lakini kitabu cha kwanza ndicho kilichosomwa na wengi. Leo mgeni anaweza kupanda Morungole akifuatana na askari wa hifadhi na kiongozi wa kijijini, na atakaribishwa na watu wanaolima, wanaofuga nyuki na wanaocheka. Namsihi apande akiwa amesoma majibu ya Heine.

Hapa nimefika kwenye kiini cha somo, nacho ni umiliki wa njia. Ramani za wageni huonyesha njia za miguu kana kwamba hifadhi ndiyo iliyozifungua. Ukweli ni kwamba nyingi zilikuwepo. Juu ya Masaba watu walivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa biashara, kwa ndoa na kwa malisho, na Frederick Jackson na Ernest Gedge walipovuka mlima mwaka 1890 walipita katika nchi yenye wenyeji. Huko Karamoja misafara ya Waswahili ilifuata pembe za ndovu kutokea upande wa Mumias; mwindaji W. D. M. Bell, katika kitabu chake cha 1923, anaeleza kituo chao cha biashara kilichokuwa huko. Kwa hiyo Kiswahili kilifika katika nyika hii kwa miguu, mzigo kichwani, kabla ya barabara, na leo bado ndicho kinachosaidia sokoni pale Mgisu, Mpokot na Msabiny wanapokutana.

Juu ya njia hizo ndipo sheria ilipokuja kulala. Msitu wa Masaba ulitengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1938, na mwaka 1993 ukawa hifadhi ya taifa. Wabenet, watu wa uwanda wa juu waliofuga na kuokota asali humo, walijikuta nje ya mpaka. Mwaka 1983 walikuwa wametengewa hekta 6,000 pembezoni, lakini mpaka ukachorwa upya na mgogoro ukaendelea. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya maridhiano iliyowatambua kuwa wakazi wa asili na wa kihistoria wa eneo lao, na utekelezaji wake umesuasua tangu hapo. Nasimulia haya kwa sababu mtu anayetembea njia ya Piswa anapita karibu kabisa na watu hawa. Sipingi hifadhi. Bila hifadhi mianzi ingekuwa imekwisha, na vyanzo vya Manafwa vingekuwa vidogo kuliko vilivyo. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi wa mandhari ajifunze kuuliza kila mpaka: ulichorwa lini, na aliyekuwa anapita hapa alielekezwa wapi?

Mwisho wa mto ni jangwa lenyewe. Hifadhi za Ziwa Turkana ni tatu: Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwenye ufuko wa mashariki, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia kuanzia mwaka 1997, na mwaka 2018 ikaziweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa yaliyojengwa Mto Omo. Ndani ya Sibiloi kuna Koobi Fora, ambako mabaki mengi ya binadamu wa kale yamechimbuliwa. Na ng'ambo ya ziwa, pale Nariokotome, mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho la ajabu kwa mifupa, aliona kipande kidogo cha fuvu ambacho baadaye kiliongoza hadi kwenye mifupa ya kijana wa miaka milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Kusini-mashariki zaidi kuna Chalbi, sakafu ya ziwa lililokauka, nyeupe kwa chumvi. Huko hatembei mtu saa sita mchana. Mwendo huanza alfajiri, hukoma jua likipanda, na huendelea jioni. Na kiongozi asiyejua visima haitwi kiongozi.

Anayeanza leo na afuate mpangilio huu. Kwanza Wanale, siku moja, ili ajue mapafu yake na aone jinsi mji ulivyokaa mguuni mwa mwamba. Kisha Nyero. Kisha Sipi, maporomoko matatu ambayo la chini lina urefu wa takribani mita 100, na matembezi ya Kapkwai. Halafu Masaba, akikumbuka kwamba kupita mita 3,000 kichwa kinaweza kuuma, na kwamba anayezidiwa hutibiwa kwa kushuka, si kwa ukaidi. Baada ya mlima ndipo Pian Upe, Moroto na Kidepo, baada ya kuuliza hali ya usalama kwa mamlaka za wilaya na kwa ofisi ya wanyamapori, kwa sababu wizi wa mifugo haujaisha Karamoja na hali hubadilika mwezi kwa mwezi. Turkana ije mwisho.

Daftari liwe na mistari minne kwa kila kituo: kimo, mmea unaotawala, maji yapo wapi, na nani anapita hapa asiyekuwa mgeni. Mstari wa nne hujazwa kwa kuuliza. Muulize mpagazi anakopeleka ng'ombe wake, muulize mama sokoni Budadiri malewa yametoka msitu upi, na ukiulizwa nawe, jibu. Picha za watu ziombwe. Malipo ya wapagazi yakubaliwe kabla ya kuondoka na yalipwe mikononi mwao.

Miezi mizuri ya mlima ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Machi, mvua inapopungua na njia za udongo zinapokauka. Vibali na askari wa kufuatana nawe hupatikana kwa ofisi ya hifadhi, hapa Mbale au kwenye vituo vya mlimani. Atakayepanga kwenda Desemba afike mapema, kwa sababu wapagazi wengi wa Budadiri ni wakulima na mavuno ya kahawa huwa bado yanaendelea. Akiwahi siku mbili au tatu, anaweza kupita mashambani, akaona matunda mekundu yakichumwa na kumenywa, na kuanza kazi ya daftari kabla hajafika langoni.